Mbigili za Kibaigwa

Uwanja uko nyuma ya soko la mahindi,
pale malori yanapogeuzia mkia.
Magoli ni milingoti minne ya mkaratusi;
mwamba wa juu kila mtu anauchora kichwani mwake,
ndiyo maana ugomvi hauishi.

Dada yangu Sechelela alinikabidhi saa ya sekunde,
daftari la kurasa mia, na kanuni moja:
"Mchezaji akichuchumaa, bonyeza. Akisimama, bonyeza.
Usimhurumie. Usimcheke."
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kutocheka kulinishinda kuliko kuhesabu.

Maana wapakiaji wa magunia hucheza peku,
na bodaboda nusu yao peku, nusu katambuga
zilizokazwa kwa kamba ya katani,
na ardhi ile, mwezi wa sita, mvua ikishasahaulika,
huzaa kitu kimoja tu.

Baba aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya ada.
Akauliza, binti yake anatafiti nini?
"Kwa nini timu ikiongoza huchomwa zaidi na miiba."
Baba akauliza tena, kama mtu ambaye hakusikia.
Alikuwa amesikia.

Jumamosi kumi na saba.
Upepo ulinijaza pumba kwenye kope.
Filimbi ikilia, Sechelela alimwendea kila aliyechuchumaa
na kiberiti kitupu mkononi: "Naomba mwiba wako."
Wengine walimpa mwiba. Wengine changarawe.
Madeje, beki wa wapakiaji, alimpa punje ya hindi
akaapa ndiyo iliyomchoma.
Akaiandika: sampuli ya arobaini na tatu. Hindi. Jeupe.

Wanaoongoza: walichuchumaa mara sitini na moja.
Miiba, minne.
Wanaofungwa: mara tatu. Miiba, mitatu.
Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole;
hawakusema unachukua muda gani.
Sisi tunajua: sekunde ishirini na nane, kwa wastani.

Kwenye dodoso, chini ya "Maoni mengine",
kipa Mgata alijibu hivi, kwa mwandiko wa kulala:

*Mwiba wangu wa hakika, lauleta bao letu,*
*Tukifungwa twachomoka, miiba si kitu kwetu,*
*Tukifunga twateguka, haponi hata mwenzetu,*
*Dada usije andika, hiyo ndiyo siri yetu.*

Aliandika. Ukurasa wa thelathini na nane.
Ila kwanza alihesabu mizani.

Halafu kuna Nhonya, winga wa bodaboda.
Siku ile wamefungwa mbili bila,
alikimbia kipindi kizima.
Tulipomkalisha juu ya gunia, kisiginoni mwake
mbigili tatu zilijipanga kama vifungo vya shati.
"Sikuzisikia," alisema.
Jedwali halikuwa na safu ya jambo hilo.
Sechelela akachora safu mpya, kwa mkono, bila rula.
Nami, niliyemwona akikanyagia vidole muda wote ule,
sikusema kitu.

Siku ya kutetea kazi yake, chuoni Dodoma,
nilikaa nyuma, viatu vya kuazima vikinibana.
Maprofesa watatu. Wawili walicheka hadi machozi;
wa tatu hakucheka, nikamwogopa huyo.
Zilibaki dakika mbili. Akavua miwani:
"Umejuaje kwamba wanadanganya, binti?
Huenda anayeshindwa hana nafasi ya kuumia.
Huenda ushindi ndio unaoupa mguu ruhusa."

Sechelela alichukua chupa ya maji.
Akanywa funda moja.
Akafunga kizibo taratibu, mzunguko kwa mzunguko.
Akakifungua tena.
Mfukoni mwangu kidole kilibonyeza chenyewe,
na alipoweka chupa mezani, kikabonyeza tena.

Arobaini na moja.

Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani, akasema muda umekwisha.
Sikuiandika popote namba ile.
Ila nilijua, kama nilivyojua Jumamosi zote zile,
kwamba dada yangu alikuwa anaongoza.